Karatasi ya Friji ya Damu

Wapo wanaosema mtoto wa mdogo wangu alifukuzwa maabara kwa sababu aliuza damu. Wengine wanasema alifeli mtihani wa chuo kikuu, akaona haya kurudi kazini. Nimewasikia kwenye foleni ya maji, nimewasikia msibani, na mara moja nilimsikia mwanamke akimsimulia mwenzake habari hizo huku mimi nimekaa katikati yao kama gunia. Nikamwambia, "Mwanangu, ukimaliza uongo wako niambie, nikuanzie ukweli." Akanywea. Lakini siwezi kwenda kukaa katikati ya watu wote, kwa hiyo naandika. Nilisoma mpaka darasa la saba, na la saba la wakati wetu lilikuwa la saba kweli. Mwandiko wangu unasomeka na kichwa changu hakijaingia kutu.

Maabara naijua. Nilifanya kazi mle miaka thelathini na mmoja, nikiosha vioo na mirija, nikichoma taka, nikifuta meza kwa dawa iliyokuwa inanitoa machozi kila asubuhi. Zamani vile vioo vidogo vya kuwekea tone la damu havikutupwa. Nilikuwa naviloweka, navisugua kimoja kimoja, navipanga juani kwenye kitambaa. Kioo kikiwa na alama ya kidole changu, mpimaji angeweza kuiona alama hiyo akadhani ni ugonjwa. Katika miaka yangu yote hakuna aliyenirudishia kioo. Waulizeni.

Huyo binti nilimlea tangu ana miaka tisa, mama yake alipofariki. Aliposoma akapata stashahada ya maabara, akaletwa pale pale nilipokuwa naosha vyombo. Wenzake walimwita Hadubini, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ilikuwa hivi. Mwaka wake wa kwanza kazini, daktari wa watoto alikuja na kioo mkononi, kakasirika. Wapimaji watatu walikuwa wamekitazama na wote wameandika hakuna kitu, na mtoto wodini anaungua kwa homa. Binti yetu alikaa, akaweka jicho, akasogeza, akasogeza, akasema, "Mdudu yuko mmoja, daktari. Pembeni kabisa, amejibanza." Daktari akatazama. Alikuwepo. Toka siku hiyo ikawa, kioo kikigoma, mpelekeeni Hadubini.

Hakuolewa. Alikuja mchumba mmoja, mtu mzima na adabu zake, wakakaa sebuleni kwangu kunywa chai. Binti akawa hamtazami usoni, anamtazama vidole. Yule bwana alivyoondoka akaniambia kando, "Mama, nahisi huyu anataka kunitoboa." Hakurudi. Tulicheka wiki nzima.

Alifanya kazi miaka kumi na mmoja. Kisha ukaja waraka kwamba majibu yote ya maabara yatiwe saini na mtu mwenye shahada. Pale kwetu hakuwepo hata mmoja. Wakatuletea binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mpole, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Hakuwa mtu mbaya, hilo naliandika makusudi. Hadubini ndiye aliyemfundisha kupata mshipa kwenye mkono wa mtoto mchanga, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kusikiliza ile mashine ya kuzungushia damu ikianza kuyumba. Mwezi wa pili, yule yule mwanafunzi wake akawa anakalia kiti cha mwisho, anapokea vikaratasi vya Hadubini na kutia saini juu yake. Wakampa jina la Bi Digrii.

"Dada, usinichukie," Bi Digrii alimwambia siku moja, mimi nikiwa na karai langu miguuni.

"Sikuchukii wewe, mdogo wangu. Naichukia kalamu yako."

"Basi ichukue."

"Nitaichukua. Ngoja."

Na kweli Hadubini aliingoja nafasi yake. Mwaka uliofuata chuo kikuu kilitoa tangazo, likabandikwa ubaoni karibu na mlango wa mkuu wa maabara. Wenye stashahada na uzoefu wa kazi wangeweza kuhamia shahada ya sayansi ya maabara za tiba, waingie moja kwa moja mwaka wa pili. Chini yake iliandikwa kwamba huo ndio mwaka wa mwisho. Baada ya hapo mlango unafungwa, kila mtu aanzie mwaka wa kwanza na awe na cheti cha kidato cha sita. Hadubini hakuwa nacho. Alitoka kidato cha nne akaingia stashahada. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na ule ulikuwa mlango wake mmoja tu.

Walitaka vitu vitatu. Daftari la ujuzi, kila aina ya kipimo kimetiwa saini kwamba anakiweza. Usaili mbele ya walimu wa chuo. Na barua ya mkuu wake wa kazi inayosema kwamba kumbukumbu zake ni safi, hajawahi kusababisha kosa la maabara lililomdhuru mgonjwa. Hilo la tatu hakulifikiria hata kidogo. Kwa nini alifikirie? Kwa miezi mitano meza yangu ya chakula haikuliwa chakula, ilikuwa vitabu. Tulikula tumepakata sahani kama watoto. Nikilalamika ananijibu, "Vumilia, mama mkubwa, unamlisha msomi."

Sasa nieleze friji, maana bila friji hamtanielewa.

Damu ya kuongezewa wagonjwa inakaa kwenye friji yake peke yake. Lazima baridi yake iwe kati ya nyuzi mbili na sita. Ikipanda sana, wadudu wanazaliana ndani ya mfuko, na mtu akipewa damu hiyo ni kama amepewa sumu. Kwa hiyo mlangoni mwa friji kuna karatasi yenye vyumba vingi, na kila asubuhi na kila jioni mtu anatakiwa asome kipimajoto cha ndani aandike namba. Namba ilikuwa nne. Sikumbuki kuona nyingine. Friji ile ilikuwa mzee lakini mwaminifu, nne asubuhi, nne jioni, nne mwezi mzima.

Siku za Jumamosi na Jumapili maabara nzima inabaki na mtu mmoja. Huyo huyo anapima, anakimbia wodini, anakimbia wodi ya wazazi. Basi zamani sana mkuu wa maabara, enzi hizo bado kijana mwenye nywele, alianza mtindo wa kujaza namba za mwisho wa wiki siku ya Ijumaa, ili kumpunguzia mwenzake kazi. Kila aliyekuja alifundishwa hivyo. Tulikuwa tunaita kuimba nne. "Umeshaimba?" "Nimeimba mpaka Jumapili." Na mimi nilicheka nao. Sikuona kosa, na aliyesoma kuliko mimi hakuliona.

Usaili uliangukia Ijumaa, saa nane mchana. Hadubini alivaa gauni la bluu nililompigia pasi mimi mwenyewe. Kabla ya kutoka alipita kwenye friji, akachukua kalamu, akaimba nne mpaka Jumapili jioni. Bi Digrii ndiye aliyekuwa na zamu ya mwisho wa wiki. Nilikuwa nafuta sakafu, nikawasikia.

"Dada, friji nipime saa ngapi?"

"Nimeshajaza yote. Wewe hangaika na wagonjwa."

"Haya. Nenda ukaniondolee kalamu."

Wakacheka. Akaenda.

Usaili aliuweza. Alirudi jioni, uso umefunguka kama wa mtoto. Mwalimu mmoja wa chuo alimwonyesha picha ya chembe za damu iliyomshinda kila mtu aliyetangulia, naye akaitaja kabla yule mwalimu hajamaliza kuuliza. Aliniigizia sauti yake, "Umesoma wapi wewe?" Wakati anasimulia, umeme ukakatika. Hatukushtuka, umeme kukatika kwetu ni jambo la kawaida. Tukawasha taa ya mafuta tukaendelea na maongezi.

Haukurudi mpaka Jumapili mchana.

Hospitali ilikuwa na jenereta. Ilibeba chumba cha upasuaji na wodi, na waya mmoja ulivutwa mpaka kwenye friji ya damu. Lakini ule waya ulikuwa na swichi yake ukutani, nyuma ya mlango, inayogeuzwa kwa mkono. Anayekuja kupima baridi ndiye anayeona namba inapanda, ndiye anayekumbuka swichi. Mwisho wa wiki ule hakuja mtu kupima, kwa sababu karatasi ilikuwa imeshapimwa. Bi Digrii hakuwahi kuonyeshwa swichi, siku zote iligeuzwa na wakongwe. Friji ikakaa siku mbili, joto la nje limeingia ndani, kisha umeme ukarudi ikapoa tena. Jumatatu asubuhi kipimajoto kilisoma nne. Na karatasi ilisoma nne, nne, nne, nne, nne.

Jumatatu hiyo hiyo asubuhi mwanamke alijifungua mtoto wa kike, damu ikakataa kusimama. Mkunga alikuja maabara mbio, viatu mkononi. Hadubini alipima damu ya mgonjwa ikapatana na mifuko miwili. Akautoa mfuko wa kwanza akauinua dirishani. Nilikuwa namtazama, ni desturi yake. Damu ikitulia, maji ya juu yanatakiwa yawe ya manjano, kama mafuta ya kupikia. Siku ile yalikuwa na wekundu kwa mbali. Alikunja uso. Akaugeuza mfuko, akautazama tena.

"Dada! Mama anaishiwa!" mkunga akapiga kelele. "Unautazama nini, una picha?"

Akageuka kwenye karatasi ya mlangoni. Nne mstari mzima. Akaushusha mfuko akampa.

Baadaye nilimuuliza, mwanangu, si wewe mwenyewe uliyeandika zile namba kabla ya siku zake? Akaniambia, "Mama mkubwa, nilisahau kwamba ni mimi. Niliona namba, nikaziamini." Jicho lile lililomwona mdudu mmoja aliyejibanza pembeni lilimwambia damu hii mbaya, na yeye akaenda kuuliza mwandiko wake.

Mchana yule mwanamke alianza kutetemeka, kitanda kizima kikagonga ukuta. Jumanne saa nne asubuhi alifariki. Mtoto alibaki.

Hadubini alimshika Bi Digrii mkono wakaingia stoo ninapoweka karai. Hawakunijali, mimi nilikuwa kama ndoo mle ndani.

"Umeme ulipokatika, swichi uliigeuza?"

"Swichi gani?"

Hadubini akakaa chini, juu ya gunia la sabuni. 

Jioni yake mkuu wa maabara aliniita akanipa mfuko mweusi umefungwa. "Mama, kachome. Zimepitwa na muda." Nilijua kusoma. Ilikuwa mifuko sita ya damu, na tarehe zake zilikuwa bado wiki tatu. Nikaichoma. Naandika hili pia.

Kesho yake Hadubini aliingia ofisini kwa mkuu akamweleza yote. Mkuu alikuwa mtu wa mzaha, hata msibani, na mzaha wake ulikuwa unakutangulia usijue umepigwa. Hadubini alinisimulia.

"Wewe ndiye umekata umeme?" alimuuliza.

"Hapana, mkuu, lakini..."

"Basi usiibe kazi za watu. Mgonjwa alipoteza damu nyingi. Alichelewa kuletwa. Hiyo ndiyo taarifa." Akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi. "Na hii ndiyo barua yako ya chuo. Saini nimeweka. Bado muhuri. Nigonge, nisigonge?"

Alirudi nyumbani hajajibu. Akaniuliza mimi.

Nimeshasema naandika ukweli, basi na wangu nauandika. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, "Marehemu hatafufuka ukisema. Kaa kimya, kasome, ukirudi na shahada yako utakuwa mkuu wewe, utafuta huo mtindo wa kuimba nne, utaokoa watu elfu." Nilisema kwa ufasaha sana, nikajisifu moyoni. Nilikuwa nimeosha vioo miaka yote ile, nikitaka mmoja wa damu yangu akalie kile kiti cha mwisho. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Barua ikagongwa muhuri, ikapelekwa. Wiki mbili baadaye jibu likaja: amekubaliwa kwa masharti ya kukaguliwa vyeti, aripoti mwanzo wa muhula. Nilipiga vigelegele peke yangu. Yeye alikunja ile karatasi akaiweka chini ya kitabu.

Kazini akaanza kuharibika. Kioo kimoja anakitazama mara tatu, mara nne, kisha anamwita Bi Digrii, "Hebu nitazamie." Foleni inarefuka mpaka nje. Mkuu akamtania, "Hadubini imeingia ukungu?" Hakucheka.

Kisha akaanza kuja yule bibi. Mama mzazi wa marehemu, kamfunga mjukuu mgongoni, kashika cheti cha kliniki cha binti yake. Alikuja dirishani mara ya kwanza akaelekezwa masjala. Akaja mara ya pili akaelekezwa kwa muuguzi mkuu. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, na dirishani alikuwa Hadubini.

"Nimekuja kuchukua majibu."

"Ya nani, mama?"

"Ya marehemu."

"Mama yangu, marehemu hana majibu hapa. Karatasi si wamekupa?"

"Wamenipa. Imeandikwa alipoteza damu." Aliipiga ile karatasi kwa nyuma ya vidole. "Wakwe zake wanasema wanawake wangapi wanapoteza damu na wako sokoni wanauza. Wanasema mwanangu alikuwa na ugonjwa, akauficha, akamwambukiza mtoto wao wa kiume. Huyu wamemkataa." Akageuka kidogo tumwone mtoto. "Wanasema akapimwe kwanza, na hata akipimwa hawana haja naye. Sasa nyie mlimtoa damu binti yangu. Ilikuwa na ugonjwa?"

"Haikuwa na ugonjwa wowote, mama. Niliipima mimi."

"Ilikuwa safi?"

"Safi kabisa."

"Basi nini kilimwua?"

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, watu kama arobaini, wengine wameshika vikopo vyao. Hadubini aliweka kalamu chini.

"Damu yetu," akasema.

"Nini?"

"Damu tuliyompa, mama. Iliharibika kwenye friji, umeme ulikatika siku mbili. Na mimi niliandika kwenye karatasi kwamba friji ni nzima. Niliandika kabla sijapima. Mimi ndiye niliyempa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu." Yule bibi hakulia, wala hakupiga kelele. Akapitisha mkono dirishani, kiganja kimefunguka.

"Niandikie."

Hadubini akaandika. Ukurasa mzima, mwandiko wake mzuri ule. Bibi akaupokea, akaugeuza huku na huku.

"Muhuri uko wapi?"

"Sina muhuri, mama. Muhuri ni wa mkuu."

"Sasa hii si watasema nimeandikiwa na jirani yangu?" Akaurudisha. "Umenisumbua bure, mwanangu. Nilikuwa nimeshasadiki kwamba aliondoka kwa kudra tu. Sasa umenipa mzigo na kamba hujanipa."

Akaondoka. Mtoto kalala.

Hadubini alipeleka ule ukurasa kwa mkuu, akaomba muhuri. Mkuu akaufungia kabatini. Watu arobaini walikuwa wamesikia, na mtu wa mzaha akiogopa huwa hana mzaha tena. Kamati ikaitwa ndani ya wiki. Mnadhani walimshitaki kwa karatasi ya friji? Walimshitaki kwa kutoa siri ya mgonjwa hadharani, dirishani. Wakamsimamisha miaka miwili. Taarifa ya kifo haikuguswa, ilibaki vile vile, alipoteza damu nyingi. Bi Digrii alihamishiwa hospitali nyingine. Siku ya kuondoka alimkumbatia Hadubini wakasimama hivyo kwenye korido, kisha akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akairudisha mfukoni. Sijui alitaka kusema nini.

Na mimi nilimtukana. Si uongo. Nilimwambia umeuza miaka yangu thelathini kwa sentensi moja. Nilimwambia ulikuwa unasubiri nini, wiki tatu tu, ungefunga mdomo wiki tatu! Alinijibu, "Mama mkubwa, kama ningefunga, huko chuoni ningefunguaje?" Nikaona ananifanyia usomi. Tukakaa nyumba moja wiki mbili na nusu hatusemeshani. Nikipika namwachia, anakula, anaosha sahani, anairudisha mahali pake.

Chuo kilikuwa bado hakijasema kitu, na yeye alikuwa bado na tumaini dogo, nililiona. Alipanga daftari lake la ujuzi, akalifunika kwa plastiki. Siku za kuripoti zilipobaki nne, bahasha ikaja kwa anwani yangu. Aliiweka mezani, akaiondoa, akaiweka tena. Mwisho akanisukumia.

"Isome wewe."

Nikavaa miwani. Ilikuwa na nembo juu, na muhuri mwekundu chini, wa mduara, umegongwa barabara. Nikasoma kwa sauti, kwamba nafasi yake ya kuhamia mwaka wa pili wa shahada imefutwa, na kwa kuwa udahili wa wenye stashahada umekoma, hawezi kuomba tena.

"Wameandika sababu?"

"Wameandika."

"Isome."

Mkuu wake alikuwa amewaandikia kuondoa ile barua yake ya kwanza. Ili wamkatae ilibidi awaambie kwa nini, na kwa kuwa ni chuo, kosa la mdomo lisingetosha, walitaka kosa la maabara. Kwa hiyo mle ndani, aliyoyakataa hospitalini kwake, aliyaandika yote. Na chuo kikayarudia neno kwa neno: kwamba mwombaji alijaza viwango vya baridi bila kupima, akatoa damu iliyokuwa imeharibika kwa kukosa baridi, na mgonjwa aliyejifungua, ambaye vipimo vyake vyote vilikuwa salama, akafariki kwa sababu hiyo. Tarehe ilikuwepo. Namba ya faili la marehemu ilikuwepo.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Hapo kwa vipimo vyake."

"'Ambaye vipimo vyake vyote vilikuwa salama.'"

Akanyoosha mkono akaichukua. Akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa, akatoka amevaa lile gauni la bluu. Akasema anakwenda kwa yule bibi. Nilimwambia walau tutoe nakala, hiyo halisi ibaki kwake, maana watu watasema mengi na hatakuwa na cha kuwaonyesha. Akaniambia nakala haina muhuri mwekundu. Nikavaa viatu nikamfuata. Sikutaka aende peke yake, na tulikuwa tumeshasemeshana, basi.

Nyumba ya yule bibi ilikuwa mwisho wa njia, ukuta haujapigwa lipu. Alifungua mlango nusu. Ndani nilisikia mtoto anakohoa. Hadubini alimpa bahasha, akamweleza polepole ni barua ya nani na imesema nini juu ya binti yake, na kwamba neno la kusomewa wakwe liko mstari wa saba. Alikuwa amepiga alama kwa penseli.

Bibi hakusoma. Alipitisha kidole gumba juu ya muhuri, akakizungusha kufuata mduara.

"Huu ni wa serikali?"

"Wa chuo kikuu, mama."

"Wataukubali?"

"Sijui, mama. Ndio pekee ulioko."

Akaikunja mara mbili, akaitia kifuani. Hakutukaribisha ndani, na hatukutegemea. Alipokuwa anafunga mlango akasimama.

"Na wewe, huko chuo umekwenda?"

"Sikwenda."

"Eeh," akasema, akafunga.